KUYUMBA KWA MKIA WA GARI
Jinsi ya kutambua hitilafu za springi, shokapu na ekseli ya nyuma

Gari linalokwenda katika barabara iliyonyooka halipaswi kushindana na dereva wake. Hata hivyo, madereva wengi wa pikapu, magari ya abiria na malori madogo wamezoea hali nyingine kabisa: gari huvutwa upande mmoja, mkia wake hupepesuka kila linapokata kona, au sehemu ya nyuma hudunda mara tatu au nne baada ya kupita kwenye shimo. Dereva akiisha kuizoea hali hiyo huiita tabia ya gari. Kwa kweli si tabia, bali ni dalili ya ugonjwa. Na siku ya mvua, au siku mtoto atakapokatiza barabara ghafla, dalili hiyo yaweza kugeuka kuwa ajali.

Tena kuna hasara ya fedha. Mara nyingi mwenye gari linaloyumba hushauriwa kununua shokapu mpya. Huzinunua, hufungwa, na baada ya siku mbili gari linayumba kama awali, kwa sababu ugonjwa haukuwa katika shokapu. Makala hii inakusudia kueleza kanuni zinazotawala mwendo wa sehemu ya nyuma ya gari, kisha kutoa utaratibu wa uchunguzi unaoweza kufuatwa kwa vifaa vichache: futi ya kupimia, chaki, kipima upepo, jeki, spana, mtaimbo na taa.

Kazi mbili zisizofanana

Watu wengi huchanganya kazi ya springi na kazi ya shokapu. Springi hubeba uzito. Shokapu haibebi uzito wowote wa maana. Kazi yake ni kuzima mtikisiko.

Mwaka 1678 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa hesabu za springi: kiasi springi inachobonyea hulingana na mzigo iliowekewa. Mzigo ukiongezeka maradufu, kubonyea nako huongezeka maradufu. Kutokana na kanuni hiyo hupatikana jambo la pili. Gari lililokaa juu ya springi, likisukumwa chini na kuachwa, litapanda na kushuka kwa idadi maalumu ya mitikisiko kila sekunde. Ikiwa springi zake zimebonyea sentimeta 25 kwa uzito wa gari lenyewe, litatikisika takriban mara moja kwa sekunde, hali ambayo abiria huiona ya raha. Ikiwa zimebonyea sentimeta 6 tu, litatikisika mara mbili kwa sekunde, na abiria watalalamika kwamba gari ni gumu. Ndiyo sababu pikapu iliyoongezewa mabamba ya springi huwarusha watu inapokuwa tupu.

Springi haili nishati iliyopewa. Huiweka na kuirudisha. Bila kitu cha kuizuia, gari lingeendelea kudunda kwa muda mrefu baada ya kila shimo. Hapo ndipo shokapu inapofanya kazi. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu membamba, na nishati ya mtikisiko hugeuzwa kuwa joto. Gari likitoka katika barabara mbovu, shokapu nzima huwa na joto, na ile iliyokufa hubaki baridi. Mafundi wenye uzoefu hutumia jambo hili kama kipimo: mara gari linaposimama, hugusa kwa uangalifu shokapu ya kulia na ya kushoto na kuzilinganisha.

Ekseli ya nyuma ni usukani wa pili

Katika magari mengi ya mizigo, kama vile Toyota Hilux na Land Rover za zamani, ekseli ya nyuma ni mhimili mmoja mgumu uliofungwa juu au chini ya springi za mabamba, yaani vipande bapa vya feleji vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi hizo hazibebi uzito peke yake. Ndizo pia zinazoishika ekseli isisogee mbele, nyuma wala upande. Pete ya mbele ya springi imefungwa kwenye chasisi kwa pini na bushi. Pete ya nyuma imefungwa kwenye kiungo kinachobembea, ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapobonyea. Katikati, mabamba yote hushikwa pamoja na bolti moja, ambayo kichwa chake huingia katika tundu la kikalio cha ekseli. Kichwa hicho ndicho kinachoonyesha mahali hasa ekseli inapopaswa kukaa. Kisha yu-bolti huibana ekseli na springi viwe kitu kimoja.

Yu-bolti zikilegea, nguvu zote za breki na za injini hukiangukia kichwa cha bolti ya katikati, ambacho hakikuundwa kwa kazi hiyo. Hukatika. Toka hapo ekseli huweza kusogea upande mmoja, na gari hupata usukani wa pili ambao dereva haushiki.

Hesabu ndogo itaonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme umbali kati ya magurudumu mawili ya nyuma ni milimeta 1,400, na gurudumu la kushoto limerudi nyuma milimeta 10. Ekseli itakuwa imepinda kwa pembe ya 10/1,400, yaani takriban nyuzi 0.4. Pembe hiyo haionekani kwa macho. Lakini ili gari liende moja kwa moja, dereva atalazimika kuyapindisha magurudumu ya mbele kwa pembe ileile. Ikiwa usukani huzunguka nyuzi 18 ili magurudumu yapinde uzi 1, basi usukani utakaa umepinda nyuzi 7 hivi katika barabara iliyonyooka. Gari lenyewe, ikiwa urefu wake kutoka ekseli hadi ekseli ni milimeta 2,700, litakwenda mkia wake ukiwa umetoka nje ya mstari kwa milimeta 19 hivi. Litatembea upande upande kama kaa.

Dereva huweza kuzoea usukani uliopinda. Asichoweza kuzoea ni ekseli isiyotulia. Ikiwa kila anapokanyaga mafuta ekseli inasogea upande mmoja, na kila anapoachia inarudi, gari litabadili njia lenyewe pasipo usukani kuguswa. Hiyo ndiyo dalili kuu ya yu-bolti zilizolegea au bushi zilizokwisha.

Makunyanzi ya barabara

Barabara za udongo na changarawe hupata makunyanzi, yaani matuta madogo yanayofuatana kama mawimbi. Majaribio ya gurudumu linalozungushwa juu ya mchanga, yakiwamo yaliyochapishwa mwaka 2007, yameonyesha kwamba makunyanzi hujitokeza yenyewe mwendo wa gurudumu unapozidi kiwango fulani.

Kwa dereva, jambo la maana ni hesabu ya mitikisiko. Gurudumu la gari na ekseli yake nalo lina mtikisiko wake wa asili, ambao ni wa haraka kuliko ule wa bodi: kwa kawaida mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Tuseme makunyanzi yameachana kwa sentimeta 70. Gari linalokwenda kilometa 36 kwa saa husafiri mita 10 kwa sekunde, kwa hiyo hukutana na matuta 14 kila sekunde. Barabara inalitikisa gurudumu kwa kiasi kilekile linachopenda kutikisika, na mtikisiko hukua kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Shokapu nzima huuzima. Shokapu iliyokufa huuacha ukue, hata gurudumu likawa hewani kwa sehemu kubwa ya muda. Gurudumu lililo hewani halina msuguano na barabara. Haliwezi kufunga breki, wala kulishika gari katika kona. Mkia hutoka.

Madereva wengi hujua kwamba wakiongeza mwendo mpaka kilometa 80 kwa saa gari hutulia. Ni kweli kwamba hutulia, kwa kuwa matuta huwa zaidi ya 30 kwa sekunde na gurudumu haliwezi kuyafuata. Lakini utulivu huo ni wa abiria, si wa matairi. Magurudumu yanaruka kutoka kilele hadi kilele, na dereva anayehitaji kusimama ghafla atagundua kwamba gari lake halikuwa limeishika barabara.

Matairi na mahali pa mzigo

Kabla ya kulaumu springi, sharti matairi yachunguzwe. Tairi linapokata kona halielekei hasa linakokwenda. Hupinda kidogo na kuteleza kwa pembe ndogo. Ikiwa matairi ya nyuma yanateleza kwa pembe kubwa kuliko ya mbele, gari hupinda kuliko dereva alivyokusudia, na mkia hutaka kutangulia. Hali hiyo ni ya hatari zaidi kuliko ile ya gari kukataa kupinda, kwa sababu dereva asiye na mazoezi maalumu hana wakati wa kuirekebisha.

Upepo pungufu katika matairi ya nyuma huleta hali hiyo. Huletwa pia na desturi ya kuyafunga matairi mapya mbele na kuyaacha yaliyokwisha nyuma. Inafaa matairi yaliyo bora yafungwe nyuma. Vivyo hivyo, tairi za redio na tairi za nyuzi za mshazari zisichanganywe katika ekseli moja kamwe. Na kuweka za redio mbele huku za mshazari zikiwa nyuma ni hatari.

Mzigo nao una kanuni zake, ambazo ni za wenzo. Kilo 200 zikiwekwa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, katika gari lenye urefu wa mita 2.7 kati ya ekseli, ekseli ya mbele hupunguziwa kilo 74, na ya nyuma huongezewa si kilo 200 bali kilo 274. Usukani huwa mwepesi, taa huangaza mitini, na matairi ya nyuma hubeba kupita uwezo wake. Mzigo uleule ukisogezwa mbele ya ekseli, sehemu kubwa ya tabu hiyo huondoka bila kufungua nati hata moja.

Utaratibu wa uchunguzi

Hatua ya kwanza: maswali. Dereva aulizwe gari huyumba lini. Likivutwa upande mmoja muda wote, ishukiwe ekseli iliyopinda, tairi lenye upepo pungufu, au breki inayokwama. Likibadili njia mafuta yanapokanyagwa na kuachiwa, zishukiwe yu-bolti na bushi. Likivutwa wakati wa breki tu, zichunguzwe breki kwanza. Likidunda na kupepesuka kwenye mashimo, zishukiwe shokapu. Likilala upande mmoja hata likiwa limesimama, ishukiwe springi iliyochoka au iliyovunjika.

Hatua ya pili: matairi. Upepo upimwe matairi yakiwa baridi, na kulinganishwa na kiasi kilichoagizwa na watengenezaji kwa mzigo uliopo. Meno ya tairi yatazamwe: tairi lililolika kwa mabonde mabonde ni ushahidi wa gurudumu linalorukaruka, yaani shokapu mbovu, tairi lililolika ukingo mmoja, meno yake yakiwa makali upande, ni ushahidi wa gurudumu linaloburutwa kwa upande.

Hatua ya tatu: kimo. Gari lisimamishwe mahali tambarare bila mzigo. Upimwe umbali kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Tofauti kubwa kati ya pande mbili huonyesha springi iliyolegea au bamba lililovunjika.

Hatua ya nne: kudunda. Kona ya nyuma ya gari ikandamizwe kwa nguvu mara kadhaa na kuachwa. Inapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ikiendelea kudunda, shokapu ya upande huo imekufa. Ikumbukwe kwamba jaribio hili hufichua tu shokapu iliyokufa kabisa. Ile iliyochoka nusu huweza kulishinda. Kwa hiyo yatafutwe pia mafuta yaliyovuja, na raba za ncha zake zikaguliwe.

Hatua ya tano: kupima ekseli. Magurudumu ya mbele yanyooshwe. Upimwe umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Vipimo vinapaswa kulingana, isipokuwa kwa magari machache kama Renault 4, ambayo iliundwa makusudi pande zake mbili zitofautiane. Njia nyingine ni kuliendesha gari polepole, moja kwa moja, kupita katika maji na kutokea juu ya sakafu kavu. Alama za matairi ya nyuma zikiwa zimesogea upande mmoja kulingana na za mbele, gari linatembea kama kaa.

Hatua ya sita: chini ya gari. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Magurudumu yaliyobaki chini yatiwe kabari, na chasisi ikalishwe juu ya stendi au magogo imara. Kisha vitazamwe kwa taa: mabamba yaliyopasuka, hasa karibu na katikati, kutu jekundu au mng'ao wa chuma kati ya springi na kikalio cha ekseli, ambao ni ushahidi wa kusuguana, nati za yu-bolti, na bushi, kwa kuzisukuma kwa mtaimbo. Pete ikisogea juu ya pini yake kwa urahisi, bushi imekwisha. Mwishowe gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa, ili kupima beringi.

Magari yasiyo na springi za mabamba

Katika magari yenye springi za koili, koili hubeba uzito tu. Ekseli hushikwa na mikono na fito zenye bushi za raba. Baadhi yana ufito mmoja unaokwenda mkingamo kutoka kwenye chasisi hadi kwenye ekseli, ili kuizuia isiende upande. Bushi za ufito huo zikiisha, mkia huyumba kushoto na kulia hata kama koili na shokapu ni mpya. Katika magari madogo mengi ya siku hizi, ambayo magurudumu yake ya nyuma yameunganishwa na boriti moja inayojisokota, bushi mbili za mbele za boriti hiyo ndizo za kuchunguzwa kwanza.

Historia ina funzo kuhusu ekseli za kubembea, ambazo kila nusu yake huinama peke yake kutoka kwenye difu, kama zilivyokuwa katika Volkswagen za zamani na katika Chevrolet Corvair za mwaka 1960 hadi 1964. Katika kona kali, gurudumu la nje liliweza kukunjika kuingia chini ya gari na kupoteza mshiko wake. Corvair ya mwaka 1965 ilipewa muundo mwingine. Na mwaka huohuo Ralph Nader alichapisha nchini Marekani kitabu kilicholishutumu gari hilo, na mjadala mkubwa ukazuka kuhusu usalama wa magari. Katika Corvair hizo za mwanzo, upepo wa matairi ya mbele na ya nyuma uliagizwa utofautiane sana, na mwenye gari aliyeyajaza yote sawasawa alilizidishia gari hatari bila kujua.

Mfano wa uchunguzi

Ichukuliwe pikapu ambayo dereva wake asema huvuta kushoto, na huruka upande wa pili anapoachia mafuta. Shokapu zimekwisha badilishwa. Upepo ni sawa, na kimo cha pande mbili ni sawa. Vipimo vya kati ya magurudumu ni milimeta 2,850 upande wa kulia na 2,838 upande wa kushoto. Tofauti ni milimeta 12: gurudumu la kushoto la nyuma limesogea mbele. Chini ya gari, kikalio cha springi ya kushoto kinang'aa kwa kusuguliwa, na nati mbili za yu-bolti zinazungushwa kwa mkono. Bolti ya katikati inapotolewa, kichwa chake kimekatika. Bolti mpya na yu-bolti mpya, vilivyokazwa kwa kiasi kilichoagizwa, vinaondoa ugonjwa ambao shokapu mbili hazikuweza kuuondoa. Kazi haiishii hapo: baada ya kilometa mia chache nati hizo sharti zikazwe tena, kwa sababu mabamba hujikalia na kulegea kidogo.

Matengenezo ya kuepukwa

Bamba lililovunjika lisiunganishwe kwa kuchomelewa. Nguvu ya feleji ya springi hutokana na jinsi ilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Moto wa kuchomelea huiharibu nguvu hiyo, na bamba huvunjika tena pembeni mwa kiungo. Bamba la ziada lisiongezwe upande mmoja peke yake. Shokapu zibadilishwe mbili mbili katika ekseli moja. Tena, mkia wa gari usiinuliwe kupita kiasi kwa kuongeza mabamba. Pete ya mbele ya springi ikiwa juu sana kuliko ekseli, kila bodi inapolala katika kona gurudumu la nje hurudi nyuma na la ndani husogea mbele, na ekseli huuelekeza mkia nje ya kona. Hapo gari huwa na uwezo wa kubeba zaidi na uwezo mdogo wa kukaa barabarani.

Juu ya yote, kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja, kisha gari lijaribiwe. Fundi anayebadilisha vitu vinne kwa pamoja huweza kuliponya gari, lakini hatajua ni kipi kilichokuwa kinaumwa, na mwenye gari atakuwa amelipia vitu vitatu vizima.

Zoezi

1. Gari linakwenda kilometa 54 kwa saa juu ya makunyanzi yaliyoachana kwa mita 1. Gurudumu hukutana na matuta mangapi kwa sekunde? Je, mwendo huo unafaa kwa gari lenye shokapu zilizochoka?

2. Kilo 150 zimewekwa mita 0.9 nyuma ya ekseli ya nyuma, katika gari lenye mita 2.7 kati ya ekseli. Ekseli ya mbele imepunguziwa kilo ngapi?

Majibu: (1) Matuta 15, haufai, kwa kuwa uko karibu na mtikisiko wa asili wa gurudumu. (2) Kilo 50.